Vitesse na gharama ya kutegemea mfuko mmoja

Tarehe 3 Septemba 2025, mahakama ya rufaa nchini Uholanzi iliamuru klabu ya Vitesse ya mji wa Arnhem irudishwe katika soka ya kulipwa. Wiki chache kabla ya hapo shirikisho la soka la nchi hiyo, KNVB, lilikuwa limeifutia leseni, na mahakama ya kwanza ikakubaliana na shirikisho. Kwa muda huo klabu iliyoanzishwa mwaka 1892, ambayo miongoni mwa klabu za kulipwa za Uholanzi imetanguliwa kwa umri na Sparta Rotterdam tu, haikuwa na ligi ya kuchezea. Mashabiki walishangilia hukumu kama ubingwa. Lakini hukumu ilijibu swali la kisheria tu, na swali la umma limebaki palepale: klabu iliyodumu zaidi ya karne moja ilifikaje mahali ambapo uhai wake uliamuliwa na majaji? Jibu linalotolewa upesi ni kwamba iliuzwa kwa wageni. Hoja yangu ni kwamba jibu hilo lina ukweli kidogo na linaficha mengi. Kilichoiangusha Vitesse ni tabia iliyoanza miaka mingi kabla mgeni yeyote hajanunua hisa, tabia ya kujipangia maisha kwa kutegemea mfuko wa mtu mmoja.

Ushahidi wa kwanza unatoka enzi za wenyeji wenyewe. Mwaka 1984 Vitesse ilikuwa klabu ndogo ya daraja la pili, yenye madeni na uwanja wa kizamani wa Nieuw-Monnikenhuize. Ndipo Karel Aalbers alipochukua uenyekiti. Mafanikio yake hayakanushiki. Klabu ilipanda Eredivisie, ligi kuu ya Uholanzi, mwaka 1989, ikafika fainali ya kombe mwaka uliofuata, na msimu wa 1997/98 ikamaliza nafasi ya tatu huku mshambuliaji wake Mgiriki, Nikos Machlas, akifunga mabao 34 na kutwaa kiatu cha dhahabu cha Ulaya. Machi 1998 ukafunguliwa uwanja wa GelreDome, wenye paa linalofunguka na kufungwa. Uwanja wa nyasi wenyewe umelazwa juu ya sinia kubwa la zege linaloburutwa zima zima hadi nje ya jengo, nyasi zikaote jua wakati ndani kunapigwa muziki. Hata katika nchi zenye fedha nyingi kuliko Uholanzi haukuwa uwanja wa kawaida, sembuse kwa klabu ambayo miaka tisa kabla ilikuwa daraja la pili.

Fedha ya kuendesha ndoto hiyo ilitegemea mno mdhamini mmoja, kampuni ya umeme ya Nuon, ambayo wenye hisa wake walikuwa mikoa na manispaa, yaani fedha ya umma kwa njia ya mzunguko. Februari 2000 Nuon ilitishia kufunga mfuko, na Aalbers akaondoka. Kilichofuata kilionyesha jengo lilivyosimama. Mishahara ilikuwa ya klabu ya juu na mapato yalikuwa ya klabu ya kati. GelreDome, iliyojengwa ili iwe chanzo cha utajiri, ikaishia mikononi mwa wengine na Vitesse ikawa mpangaji katika nyumba iliyojengwa kwa ajili yake. Mwaka 2003 klabu ilikaribia kufilisika, na 2008 ikanusurika kwa kukubaliana na wadai wake wasamehe sehemu ya madeni. Mpaka hapo hakuna Mrusi, Mgeorgia wala Mmarekani aliyekuwa ametia mguu. Mwenyekiti alikuwa Mholanzi, mdhamini Mholanzi, na hasara ya Kiholanzi.

Kwa hiyo Agosti 2010, Merab Jordania, mwanasoka wa zamani wa Georgia, alipoinunua Vitesse na kuifanya klabu ya kwanza ya Eredivisie kumilikiwa na mgeni, hakuikuta klabu yenye afya. Alikuta klabu iliyozoea kuishi kwa kudra ya mfadhili na iliyokuwa ikimtafuta mwingine. Jordania aliahidi ubingwa ndani ya miaka mitatu. Mwaka 2013 umiliki ukapita kwa mfanyabiashara wa Kirusi Alexander Chigirinsky, na 2018 kwa Mrusi mwingine, Valeriy Oyf. Wamiliki walibadilika, mtindo ukabaki uleule: matumizi yalizidi mapato mwaka hadi mwaka, na mmiliki alijaza pengo, mara nyingi kwa mkopo. Neno hilo, mkopo, ndilo kiini cha jambo. Fedha aliyoingiza tajiri ilisimama vitabuni kama deni, na siku tajiri akiondoka, deni halikuwa na sababu ya kuondoka naye.

Upande wa uwanjani kulikuwa na mkopo wa aina nyingine. Chelsea ya London, iliyokuwa mali ya bilionea wa Kirusi Roman Abramovich, ilipeleka Arnhem wachezaji wengi vijana kwa mkopo. Nemanja Matić alipita hapo, Bertrand Traoré pia, na Mason Mount akachaguliwa mchezaji bora wa Vitesse msimu wa 2017/18. Kwa mtazamaji wa jukwaani ilikuwa raha tupu, kuona nyota wa kesho kwa tiketi ya bei ya Arnhem. Kwa mhasibu hesabu ilikuwa nyingine. Klabu za Uholanzi huishi kwa kulea au kununua vijana kwa bei ndogo, kuwakuza na kuwauza. Vitesse yenyewe ilijua kufanya hivyo: Wilfried Bony wa Ivory Coast alinunuliwa kutoka Sparta Prague, akafunga mabao 31 ya ligi msimu wa 2012/13, kisha akauzwa Swansea. Mchezaji wa mkopo hukua vilevile, ila faida ya kukua kwake huenda kwa mwenye mali. Kila dakika aliyochezeshwa kijana wa Chelsea ilikuwa dakika ambayo klabu ilimkuzia mwenzake bidhaa.

Uhusiano na London ulianza kuhojiwa mapema. Mwaka 2014 KNVB ilichunguza madai kwamba Chelsea ndiyo inayoamua mambo Arnhem, na haikupata ushahidi wa kuchukulia hatua. Miaka tisa baadaye nyaraka zilizovuja na kuchapishwa na waandishi wa habari za uchunguzi zilionyesha kwamba zaidi ya Yuro milioni 100 zilizoingia Vitesse zilitoka katika kampuni za nje zilizohusishwa na Abramovich mwenyewe. Wakati huo Urusi ilikuwa imeivamia Ukraine, Oyf alikuwa ametangaza Machi 2022 kwamba anauza, na Mmarekani Coley Parry alikuwa akijaribu kuchukua nafasi yake. KNVB ilikataa kumwidhinisha Parry. Aprili 2024 kamati ya leseni ikaikata Vitesse pointi 18, adhabu kubwa kuliko zote katika soka ya kulipwa ya Uholanzi hadi wakati huo, kwa kukiuka kanuni za leseni kwa miaka na kutotoa taarifa sahihi. Klabu ikajikuta chini ya sifuri kwenye msimamo na kushuka daraja, ikifunga miaka 35 mfululizo ya ligi kuu. Msimu uliofuata ikakatwa pointi tena na tena, ikamaliza mkiani mwa daraja la pili, kisha ikaja hatua ya kufutiwa leseni.

Pingamizi la kwanza dhidi ya hoja yangu ni zito: mkono mtupu haulambwi. Bila matajiri, wanasema watetezi wao, Vitesse ingebaki ilivyokuwa, na Aprili 30, 2017 isingekuwepo. Siku hiyo, katika uwanja wa De Kuip mjini Rotterdam, Vitesse iliifunga AZ ya Alkmaar mabao 2-0 na kutwaa Kombe la KNVB, taji lake kubwa la kwanza katika miaka 125. Ni kweli kwamba kikosi kile kililipwa kwa fedha ya mmiliki. Lakini mabao yote mawili, yaliyokuja dakika za lala salama, yalifungwa na Ricky van Wolfswinkel, kijana aliyelelewa na Vitesse yenyewe, akacheza ligi kuu kwa jezi hiyo kabla tajiri yeyote hajafika, akaondoka na kurudi. Tukitazama nje ya Arnhem, hoja inazidi kulegea. PEC Zwolle ilitwaa kombe hilohilo 2014 kwa kuichapa Ajax 5-1. FC Groningen ikalitwaa 2015. Mwaka 2025 likaenda Deventer, mji usio mbali na Arnhem, kwa Go Ahead Eagles iliyoishinda AZ kwa penalti. Hakuna kati ya hizo iliyohitaji bilionea wa Kirusi. Kombe la mtoano huzawadia bahati na mpangilio wa msimu mmoja, nazo klabu ndogo huzipata kila baada ya muda. Vitesse ilinunua kwa bei ghali mno kitu ambacho majirani zake walikipata kwa bajeti ya kawaida.

Pingamizi la pili linatoka upande wa pili wa uwanja. Wapo wanaosema tiba ni kupiga marufuku matajiri na kurudisha klabu kwa wanachama au taasisi za wenyeji. Ningependa iwe rahisi hivyo. Ila FC Twente ya Enschede, iliyotwaa ubingwa 2010, ilikuwa mikononi mwa wenyeji chini ya Joop Munsterman. Desemba 2015 ilifungiwa miaka mitatu kushiriki mashindano ya Ulaya baada ya kubainika kwamba ilikuwa na makubaliano ya siri na kampuni ya Doyen Sports, iliyonunua sehemu ya haki za kiuchumi za wachezaji wake. Mwaka 2018 ikashuka daraja. Wenyeji nao huficha mambo, na mapenzi ya klabu huwafanya wafumbe macho haraka kuliko mgeni mwenye hesabu zake. Mfano wa AZ ya Alkmaar unafundisha zaidi. Dirk Scheringa aliibeba kwa fedha ya benki yake ya DSB hadi ubingwa wa 2009 chini ya Louis van Gaal, na Oktoba mwaka huohuo benki ikafilisika. AZ haikufa. Ilipunguza matumizi, ikauza wachezaji, ikaegemea vijana wa nyumbani kama Teun Koopmeiners na Myron Boadu waliokuja kuuzwa Italia na Monaco. AZ na Vitesse kila moja iliponzwa na kutegemea mfuko mmoja, lakini moja ilikuwa na kitu cha kuuza mfuko ulipofungwa, nyingine ilikuwa na vijana wa Chelsea wa kurudisha.

Pingamizi la tatu ni la haki, nalo ndilo linaloniumiza kichwa. Kwa nini shabiki wa Arnhem, ambaye hakusaini mkataba wowote, aadhibiwe kwa siri za wamiliki? Pointi 18 hazikumgusa Abramovich hata kidogo. Ziliwagusa watu walionunua tiketi za msimu, na baadaye walewale ndio waliochanga fedha mtaani klabu isizame. Uchungu huo nauelewa, lakini shirikisho linaloacha udanganyifu upite kwa huruma ya mashabiki huwaadhibu mashabiki wa klabu nyingine, wale waliotazama timu zao zikifungwa na kikosi kilicholipwa kwa fedha isiyojulikana. Kosa kubwa la KNVB, kwa maoni yangu, ni kuchelewa. Mwaka 2014 maswali yote yalikuwa mezani. Kama klabu ingelazimishwa wakati ule kuonyesha fedha inatoka kwa nani hadi mtu wa mwisho, adhabu ingekuwa ndogo, deni dogo, na mmiliki angekuwa bado yupo kulilipa. Adhabu inayokuja baada ya tajiri kuondoka humkuta aliyebaki nyumbani, na aliyebaki siku zote ni shabiki.

Kutokana na hayo, swali la nani anafaa kumiliki klabu halijibiki kwa kutazama pasipoti. Mgeni anaweza kufaa na mwenyeji anaweza kuharibu. Kinachojibika ni masharti. Mwenye kununua athibitishe chanzo cha fedha kabla ya kuingia, na asipothibitisha asiingie, hata klabu iwe taabani. Fedha anayoweka kuziba hasara iwe mtaji, isiwe deni litakaloibana klabu siku akichoka. Na klabu ionyeshe kila mwaka, mbele ya kamati ya leseni, jinsi itakavyomaliza msimu iwapo mfadhili atafunga mfuko kesho. Wapo watakaosema masharti haya yatawafukuza wawekezaji. Atakayekimbia kwa kuulizwa fedha yake imetoka wapi ni vizuri akimbie mapema.

Wahenga walisema mtegemea cha nduguye hufa maskini, na Vitesse imekaribia kuuthibitisha msemo huo zaidi ya mara moja: kwa kampuni ya umeme ya mkoa, kisha kwa matajiri wa mbali. Wafanyabiashara wa Arnhem na maeneo jirani waliojitokeza 2025 kuinusuru wanastahili shukrani, lakini nao ni wafadhili, na mashabiki wanaowashangilia leo walimshangilia Aalbers na Jordania pia. Kipimo cha uokoaji huu kitakuwa mahesabu ya mwaka ambao wakombozi hao hawataongeza hata senti. Ikiwa mwaka huo klabu italipa mishahara kwa mapato ya tiketi, wadhamini wengi wadogo na kijana mmoja aliyelelewa Arnhem na kuuzwa kwa bei nzuri, hukumu ya Septemba itakuwa imeokoa klabu. Isipoweza, itakuwa imeahirisha kesi.