Maumivu ya Kinena: Amende ya Salongo Haiponyeshi Mutu



Kuko maumivu ambayo watu wetu wanafichaka: maumivu ya kinena, pale paja linaungana na tumbo. Ni fasi ya haya, njo maana mutu anaona afazali kunyamaza na kuendelea kulima. Siye maagronome tunaotembea nanyi mashambani tunaona kwamba ukimya huo unaharibu watu, na amende ya salongo inauongezea nguvu.

Mara nyingi kinachouma ni nyama za ndani ya paja, zile zinazovuta mguu mmoja kuelekea mwingine. Ukilima mulimani miguu ikiwa mbali mbali, ao ukiteleza kwenye matope na gunia la mihogo mugongoni, nyama hizo zinavutwa kupita nguvu zake.

Watu wanasemaka haraka: "ni mushipa." Mushipa wa kweli ni kitu kingine: uvimbe unatokea ukikohoa ao ukibeba, kisha mara nyingi unarudi ndani ukilala. Huo unatakiwa kuonwa na daktari. Uvimbe ukikuwa mugumu, unauma sana, na mutu anatapika, apelekwe hospitali siku ileile. Ni vilevile kwa korodani linaloanza kuuma kwa gafula, ao mutu aliyeanguka na hawezi kukanyaga.

Lakini nyama zikichoka, kulala tu kitandani haitoshi, na masaji peke yake haitoshi. Katika mwaka 1999 watafiti wa Denmark walitangaza matokeo ya wachezaji 68 waliokuwa na maumivu ya kinena ya siku nyingi. Nusu walipewa mazoezi ya kutia nguvu nyama za paja na tumbo. Nusu ingine masaji, kunyoosha na mashine. Matibabu yalichukua majuma 8 mpaka 12. Katika kikundi cha mazoezi, 23 walirudi kucheza bila maumivu. Katika kile kingine, 4 tu.

Zoezi la kwanza halihitaji mashine. Unalala chali, magoti yamekunjwa, unaweka kitenge kilichoviringishwa katikati ya magoti na kukibana, kisha unaachia. Kinezi wa hospitali ndiye anaonyesha wakati wa kuongeza. Maumivu yakipanda, unapunguza.

Sasa, mutu atafanya hayo namna gani, kama kila juma anachagua kati ya jembe na amende? Wengine watasema: "Tukisamehe mmoja, kesho wote watakuwa wagonjwa." Siye hatuombi musamaha. Tunaomba kazi ingine: kuchambua mbegu za maharagwe, kuandika daftari ya mizani, kulinda depo. Aliye na karatasi ya kituo cha afya apewe kazi hiyo kwa majuma aliyoandikiwa, kisha arudi kwenye jembe pole pole: kwanza kupalilia kidogo, magunia yawe ya mwisho.

Majuma 12 ni karibu muda wa maharagwe mafupi, toka kupanda mpaka kuvuna. Koperative inayongojea maharagwe inaweza kungojea pia memba wake. Tunawaomba makomite waweke jambo hili kwenye mukutano mukuu ujao, mbele ya kulima kwa musimu mupya.