Utetezi wa Kiwavi

Msomaji mpenzi, huenda asubuhi ya leo umekanyaga kiwavi. Ulimwona juu ya jani la kiazi kitamu, mnene kama kidole, ana pembe ndogo mkiani, nawe ukahukumu papo hapo kwamba ni adui. Naomba kesi hiyo isikilizwe upya, kwa kuwa hukumu ilitolewa na shahidi hakuitwa.

Shahidi mwenyewe ni mpapai. Katika bustani ndogo za pwani yetu, tangu Vanga hadi Lamu, ni nadra kuukosa. Aghalabu mpapai huwa dume au jike. (Iko pia yenye maua ya jinsia zote mbili, lakini hiyo haimo katika kesi hii.) Jike hauzai vema mpaka chavua ya dume iufikie, na miti haina miguu. Basi nani mshenga? Jua likichwa, ua la dume hunukia, akaja nondo mwenye kasi, anayeelea hewani mbele ya ua bila kutua, akatumbukiza ulimi mrefu kuliko mwili wake, akanywa asali. Kisha huliendea ua la jike, ambalo halina asali hata tone. Limejifananisha tu na la dume. Nondo huondoka na hasara yake, lakini papai limekwisha kutungwa. Nondo wafanyao kazi hiyo ni wa namna kadhaa, na mmojawapo ni yule uliyemkanyaga asubuhi, alipokuwa bado mtoto.

Kiwavi huyo akishiba hujichimbia udongoni, hulala humo, hata atoke na mabawa. Sasa mtazame mwenye nyumba wa siku hizi! Amemwaga saruji, au ametandika yale matofali yaitwayo kabro, toka mlangoni hadi ukutani. Ameuacha mpapai mmoja katika tundu, kama mfungwa aliyesahauliwa, na kila jioni hunyunyiza dawa ya wadudu. Mpapai ukipukutisha maua yake pasipo tunda, husema umelogwa. Naam, umelogwa, na mchawi ndiye aliyeshika bomba la dawa.

Najua jibu lake: vichaka huleta mbu, na majani huleta nyoka. Mbu huzaliwa majini. Na atafute kwanza makopo na matairi yaliyojaa maji nyuma ya nyumba yake. Nyoka naye hufuata panya, na panya hufuata makombo. Sikatai kwamba nyasi ndefu humficha nyoka. Nyasi na zifyekwe. Lakini kufyeka nyasi ni jambo moja, na kuiziba ardhi yote isivute pumzi wala isinywe mvua ni jambo jingine kabisa.

Wapo pia wampigao kinyonga mawe wakisema ana sumu. Hana. Wenye haki ya kumwogopa ni nzi na panzi.

Sikuombi uache viazi vyako vyote viliwe. Mwachie kiwavi mashina mawili matatu kandokando ya bustani, na udongo wa kulalia. Kisha mpapai dume ukichanua, zima taa ya baraza wakati wa magharibi, usimame karibu nao kimya. Utasikia mvumo wa mabawa kabla hujamwona mwenyewe.