Mfupa Hujengwa na Maji Tunayokunywa

Baharini huishi sifongo za chokaa, viumbe wasio na ubongo, moyo wala utumbo. Hata hivyo wana kiunzi: vijiti vidogo sana vya chokaa, vingi vikiwa na ncha tatu, ambavyo seli zao huvijenga kwa madini yaliyoyeyuka majini. Mwanadamu hutofautiana na sifongo kwa mengi, lakini kiunzi chake nacho hujengwa kwa kile kinachoingia mwilini.

Sisi tunaoishi Arusha na kwenye miteremko ya Mlima Meru tuna sababu ya kulitafakari jambo hili. Miamba ya volkano ya mlima huu ina floraidi nyingi, nayo huyeyukia katika chemchemi, mito na visima. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita ya maji ya kunywa. Mwaka 1974 Tanzania iliruhusu hadi miligramu 8, kwa kuwa jamii nyingi hazikuwa na chanzo kingine. Baadaye kiwango kikashushwa hadi 4, na hatimaye 1.5. Lakini kushusha kiwango katika waraka hakubadilishi maji yaliyomo kisimani.

Mfupa wetu ni fuwele za kalisi na fosfati zilizoshikamana na nyuzi za protini. Floraidi hupenya ndani ya fuwele hizo na kukaa humo kwa miaka mingi. Mtoto ambaye meno yake ya kudumu yangali yanajengwa, yaani takribani hadi umri wa miaka minane, hupata madoa ya kahawia yasiyofutika. Mwili ukiendelea kupokea floraidi nyingi, viungo huuma, kano hugeuka kuwa ngumu kama mfupa, uti wa mgongo hukakamaa, na baadhi ya watoto hupata matege au magoti yanayogongana. Mwenye ugonjwa wa figo yumo hatarini zaidi, kwa kuwa figo ndizo huitoa floraidi mwilini.

Maoni yangu ni haya: katika eneo hili, swali la maji liwe sehemu ya historia ya kila mgonjwa mwenye maumivu ya mgongo au viungo, na ya kila mtoto mwenye miguu iliyopinda. Anakunywa maji ya wapi? Tangu lini? Nyumbani hupika kwa magadi? Pasipo maswali haya, mgonjwa huweza kupewa dawa za maumivu mwaka hadi mwaka huku akirudi kwenye kisima kilekile. Hatuna dawa ya kuuondoa ugonjwa huu mfupani. Kinga ndiyo tiba kuu.

Wapo wasemao kwamba wazee wetu walikunywa maji haya wakaishi. Ni kweli waliishi, lakini wengi waliishi wakiwa wameinama, na maumivu yao yakaitwa uzee.

Wagonjwa nao waelewe kwamba floraidi haina rangi wala harufu. Jina la Maji ya Chai lisimfanye mtu adhani kuwa maji meupe ni salama. Kipimo pekee ndicho hutoa jibu. Kuchemsha huua vijidudu, lakini hakuondoi floraidi. Maji yanapopungua sufuriani, kiasi chake kwa lita huongezeka. Maji ya mvua yaliyovunwa kwa usafi ni chaguo jema. Mkaa wa mifupa ya ng'ombe, ambao kituo cha utafiti cha Ngurdoto kimeushughulikia kwa miaka mingi, huinasa floraidi kama mifupa yetu inavyoinasa, lakini sharti ubadilishwe unapochoka. Magadi ya kulainishia maharage na makande huongeza floraidi katika chakula. Kuloweka nafaka usiku kucha hutosha.

Familia isiyomudu maji salama kwa wote ianze na watoto wadogo na mama wajawazito. Na asichekwe mtu kwa meno yake ya kahawia: hayo si uchafu, bali ni ushahidi wa maji aliyonyweshwa alipokuwa mtoto.