Ziara ya vita inayoipa Kasigau mgongo

NJIA PANDA YA VOI
Na Mkawasi Maghanga

Majuzi nilipata lifti ya bahati. Mzee mmoja Mwingereza alikuwa amekodi landkruza nzima, pamoja na dereva na mwelekezi, aonyeshwe mahali babu yake alikopigana mwaka 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza. Kiti kimoja kilibaki kitupu, nikakikalia kwa kisingizio cha kutafsiri. Sikutafsiri neno. Kiingereza cha mwelekezi kilikuwa kinanishinda.

Ziara za namna hii wengi huzijua za Normandy, Ufaransa, ambako wajukuu wa wanajeshi huenda kila Juni kutazama fukwe babu zao waliposhukia. Sisi hatuna ufuo, tuna vumbi jekundu na miiba. Lakini Agosti 1914 Wajerumani waliingia Taveta, wakaikalia hadi Machi 1916. Vita vya wazungu vilikuwa vimeshafika mlangoni petu.

Tulianzia makaburi ya Voi, kwa Luteni Wilbur Dartnell, mzaliwa wa Australia. Septemba 1915, karibu na Maktau, alipigwa risasi ya mguu, akakataa kubebwa ili asiwaache majeruhi wenzake peke yao. Akafa nao. Alitunukiwa Msalaba wa Victoria, na mzee wetu alivua kofia akasimama kimya kitambo.

Kisha tukafuata reli kuelekea Taveta. Waingereza waliianza hapa Voi mwaka 1915 kwa sababu nyika hii haina maji, na jeshi lisilo na maji haliendi popote. Siku hizi ukiiuliza reli hiyo habari za garimoshi, itakujibu kwa majani.

Salaita ndipo mwelekezi alipoonyesha ufundi wake. Tarehe 12 Februari 1916 wanajeshi wa Afrika Kusini, wageni wa nyika hii, walikipanda kilima hiki wakidhani ni kazi ya asubuhi moja. Mizinga ilikipiga kilele, kumbe mahandaki ya Wajerumani yalikuwa chini, yamefichwa vichakani. Waliokuwa ndani ni askari weusi, na makaburu walitimuliwa. Waliozuia maafa yasizidi ni Wabaluchi wa jeshi la India, watu ambao makaburu hao walikuwa wakiwadharau kwa rangi yao. Nilicheka peke yangu nyuma ya gari. Tulionyeshwa pia mbuyu unaosemekana alijificha ndani yake mwanamke wa Kijerumani, mlenga shabaha hodari. Hadithi tamu, ila mbuyu ungekuwa shahidi mahakamani nisingeuamini.

Kutwa nzima neno "wapagazi" nililisikia mara moja, tena kwa kupita, kama mtu anavyotaja sufuria akisimulia karamu. Vita hivi havikuwa na punda wala farasi wa kutosha, mbung'o aliwamaliza. Kilichobeba unga, risasi na majeruhi ni mabega ya watu. Zaidi ya 40,000 walikufa, wengi kwa kuhara na njaa kuliko risasi. Kariokor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam zimebaki na jina la kikosi chao, Carrier Corps. Mwaka 2021 tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba wafu wasiopungua 116,000 wa vita vile, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Dartnell ana jiwe lake. Anastahili. Waliomchimbia kaburi je?

Na kuna Kasigau. Ukitoka Voi kwenda Taveta, mlima huo unauacha nyuma yako. Agosti 1915 Wajerumani walishambulia hapo, na Waingereza wakawashuku wenyeji kuwa wamemsaidia adui. Nyumba zilichomwa, watu wakahamishwa hadi upande wa Malindi, ambako malaria iliwapukutisha. Waliosalia walirejea kwao mwaka 1936, zaidi ya miaka ishirini baadaye. Hao hawakushika bunduki ya upande wowote.

Mwelekezi simlaumu, anauza kinachonunuliwa. Ninaowalaumu ni sisi wenyeji na kaunti yetu: tunasubiri mgeni atuulize ndipo tukumbuke. Vijana wa Rukanga na Bungule wanaozijua njia za mlima huo wangefunzwa, wakapewa leseni, wakalipwa ada ile ile ya landkruza, ziara ingekuwa na siku ya pili.

Tuliporudi Voi jioni nilimsimulia mzee habari za Kasigau tukinywa chai. Akanyamaza, kisha akaniuliza kama babu yake alikuwemo miongoni mwa waliochoma nyumba. Nikamwambia kuna wazee kule waliosimuliwa na mama zao, na njia ya kwenda inakatia Maungu. Akatoa kalamu, akaomba nimwandikie jina hilo herufi kwa herufi.