Kocha wa Luberizi asiachwe peke yake

Wakati wa uchaguzi, jezi na mipira havikosekani katika uwanda wa Ruzizi. Mgombea anafika, anagawa, anapigwa picha, anaondoka. Baada ya miezi michache mpira umepasuka na jezi imekuwa nguo ya shambani. Anayebaki kiwanjani na watoto ni kocha, na huyo hakuna aliyemkumbuka.

Kosa linaanzia hapo. Mchezaji hajengwi na mpira. Anajengwa na mtu anayemfundisha leo, kesho na mwaka ujao.

Mfano uko kwa majirani, Uganda. Huko, besiboli ilikuwa mchezo wa kigeni kama ilivyo hapa Luberizi, pamoja na ndugu yake softiboli, inayochezwa zaidi na wasichana kwa mpira mkubwa unaorushwa kwa mkono wa chini. Mwaka 2011, timu ya watoto wa Kampala ilifuzu kwenda Marekani kwenye mashindano ya dunia ya Little League, lakini ikanyimwa visa kwa sababu ya kasoro za hati. Makocha wa Uganda hawakukata tamaa. Mwaka 2012 watoto wa Lugazi walifika Williamsport, wakawa timu ya kwanza ya Afrika katika mashindano hayo, na wakaifunga timu ya Oregon 3-2.

Tena yupo Dennis Kasumba, yatima aliyelelewa na bibi yake na kufanya kazi machinjioni. Kocha Paul Wafula alimchukua na kumfundisha kudaka mpira. Vifaa vilikuwa haba, hivyo tairi kuukuu likawa chombo cha mazoezi. Video za mazoezi hayo zilienea mitandaoni, na mwaka 2023 kijana huyo alivaa jezi ya Frederick Keys, timu ya Maryland. Kabla ya video na safari, kulikuwa na kocha aliyerudi uwanjani kila siku.

Huku Luberizi kinachogombewa ni zaidi ya kombe. Kwa miaka mingi ripoti za Umoja wa Mataifa zimeeleza jinsi makundi yenye silaha yanavyoingiza watoto katika Kivu zote mbili. Kijana wa miaka 15 aliyefukuzwa shuleni kwa kukosa pesa ya shule anaitwa na watu wawili: kocha anayemwambia aje kwenye mazoezi saa kumi, na mwingine anayemwambia kwamba bunduki inalisha. Mtoto asipoonekana siku tatu, mara nyingi kocha ndiye wa kwanza kuuliza yuko wapi.

Kwa msichana, kazi ya kocha ni ngumu zaidi. Saa ya mazoezi ndiyo saa ya kuchota maji na kupika. Kocha asipokwenda nyumbani kuzungumza na mama na baba, kipaji kinaishia jikoni. Na softiboli ya wanawake inarudi katika Olimpiki ya Los Angeles mwaka 2028. Wasichana wa Afrika wana sababu ya kuota.

Hata hivyo, kumheshimu kocha si kumfumbia macho. Mwaka 2021 kashfa ya unyanyasaji wa watoto katika mpira wa miguu iliitikisa Gabon. Mtu anayeaminiwa na watoto wengi lazima aonekane na wazazi wengi. Mazoezi yafanyike mahali pa wazi, mtoto asisafiri peke yake na kocha, na timu ya wasichana iwe na mama mmoja anayeiangalia.

Yanayohitajika si makubwa. Viongozi wa kimila walinde viwanja visigeuzwe mashamba au vibanda. Shule na makanisa yawape makocha nafasi ya kujifunza kazi yao, pamoja na huduma ya kwanza. Wazazi wachange kidogo kwa ajili ya nauli yake. Na mgombea ajaye na jezi aulizwe: kocha atalipwa na nani ukishaondoka?

Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Lakini lazima awepo wa kumkunja, na huyo naye ana watoto wanaomsubiri nyumbani na chakula.