Neno la Mhariri: Sheria Ianzie Kwenye Uniti 75

Kuna kauli moja imenichosha. Kila tunapojadili kanuni za matumizi bora ya nishati kwa vyombo vya nyumbani, iwe kwenye semina za Dodoma au kwenye kurasa za magazeti, hatakosekana mtu wa kusema: "Wananchi wa vijijini wapate umeme kwanza, viwango vitafuata." Husemwa kwa nia njema, hakuna anayepinga, na mazungumzo hurudi kwenye viyoyozi vya ofisi za Dar es Salaam. Toleo hili tumelipeleka Loliondo kwa makusudi, ili kuibishia kauli hiyo mahali ambapo umeme umechelewa kufika. Loliondo imezoea kuandikwa kwa mambo mawili, mgogoro wa ardhi na kikombe cha dawa cha mchungaji mstaafu aitwaye Babu kule Samunge mwaka 2011. Safari hii waandishi wetu wameingia majikoni, kwenye mabucha na kwenye maduka ya Wasso, mji ulio kando yake, wakaangalia kilichochomekwa ukutani.

Kwa miaka mingi Loliondo haikuwa kwenye gridi ya Taifa. Ilikuwa miongoni mwa vituo vya shirika la umeme, TANESCO, vinavyoendeshwa kwa majenereta ya dizeli, na mhandisi aliyeandika makala ya kwanza ameisimulia historia hiyo kwa uangalifu. Hesabu yake lakini inaishia mlangoni mwa kituo, nami nataka kuivusha hadi sebuleni. Jenereta la dizeli lililotunzwa vizuri hutoa uniti (kilowati-saa) 3 hadi 4 kwa lita. Anayeijua njia ya Mto wa Mbu, Engaruka na Ngaresero hadi Wasso anajua gharama ya kusafirisha lita moja ya kitu chochote. Hata hivyo mteja wa Loliondo alinunua umeme kwa bei ileile ya mteja wa Kariakoo, kama haki inavyotaka, na pengo likabebwa na shirika, maana yake likabebwa na sisi sote. Kila uniti iliyopotea kwenye friji mbovu pale ilikuwa hasara kubwa kuliko popote kwenye gridi. Kama kulikuwa na mahali pa kuanzia viwango nchini, palikuwa hapo, na hakuna aliyepafikiria.

Nije kwenye hesabu ninayotaka msomaji aondoke nayo. Mteja wa kundi la D1 hulipa shilingi 100 kwa kila uniti kwa uniti 75 za kwanza za mwezi, na shilingi 350 kwa kila inayozidi, kabla ya kodi na tozo. Kundi hili liliwekwa kwa ajili ya wenye kipato kidogo, na ndilo linalobeba wengi wa wanaounganishwa na miradi ya Wakala wa Nishati Vijijini (REA). Sasa chukua friji. Ghana, kabla ya kuzuia friji za mtumba, iligundua kwamba friji ya kawaida majumbani ilikuwa ikila karibu uniti 1,200 kwa mwaka, yaani uniti 100 kwa mwezi. Friji mpya ndogo iliyotengenezwa vizuri inaweza kufanya kazi hiyohiyo kwa uniti 250 kwa mwaka, yaani 21 kwa mwezi. Nyumba yenye taa, televisheni, redio na pasi tuipe uniti 30. Ikiwa na friji ya zamani inafika 130: za kwanza 75 ni shilingi 7,500, na 55 zilizobaki ni shilingi 19,250, jumla 26,750. Ikiwa na friji bora inaishia 51, na bili ni shilingi 5,100. Tofauti ni shilingi 21,650 kila mwezi, karibu 260,000 kwa mwaka, bado hujaweka kodi. Na anayezidisha uniti 75 mwezi hadi mwezi yuko hatarini kuondolewa D1 kabisa, akalipa bei ya juu tangu uniti ya kwanza.

Kwa hiyo friji mbovu inamfukuza maskini kwenye unafuu ambao Serikali imemwekea. Ruzuku inatoka kwa shirika, inaingia kwenye LUKU, mita ya umeme wa kulipia kabla, inaishia kwenye kompresa. Ndiyo maana siwaelewi wanaoiita sheria ya viwango vya vyombo anasa ya mijini. Mwenye nyumba Masaki akiwa na friji inayokula umeme atanung'unika na kulipa. Mama anayeuza maziwa na soda baridi Wasso ataizima usiku, maziwa yataharibika, na asubuhi hatakuwa na cha kuuza.

Mwandishi wetu alikaa siku nzima na fundi wa majokofu, na maelezo yake ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote katika toleo hili. Mbele ya kibanda imesimama friji yenye plagi ya pini mbili za mviringo, imechomekwa kwenye adapta iliyoungua pembeni. Mpira wa mlango umekakamaa na hausikii tena sumaku, hivyo mlango umefungwa kwa mpira wa baiskeli. Kompresa ya kwanza ilikufa. Iliyomo ilitolewa kwenye friji kubwa zaidi, kwa sababu ndiyo iliyopatikana. Fundi anaweka kiganja mgongoni mwa friji, anasikiliza kidogo, na kusema: "Hii haikati." Maana yake kompresa haipumziki, inanguruma saa 24. Mwenye friji amekwisha kuijaza gesi zaidi ya mara moja akidhani tatizo ni gesi. Fundi huyu ana ujuzi, na anaifanya friji hiyo iendelee kugandisha. Ila hakuna mtu wa kumwambia mteja kwamba kwa kile anachomwaga kwenye LUKU angekuwa anailipia friji mpya kidogokidogo.

Ndani ya mlango wa friji hiyo kuna lebo ya Ulaya, rangi zimefifia, ina herufi A. Mnunuzi aliiona herufi hiyo akaamini amepata kitu cha daraja la kwanza. Ile ni A ya zamani. Vyombo viliendelea kuboreka hadi Ulaya wakalazimika kuongeza A+, A++ na A+++, na tarehe 1 Machi 2021 wakaufuta mpangilio huo na kuanza upya kuanzia A hadi G. Friji iliyokuwa na A miaka ile ingewekwa leo mkiani. Herufi peke yake, bila mwaka na bila uniti, ni pambo tu, na hapa ndipo ninapotofautiana na makala ya tatu, inayotaka tuchukue nyota za Kenya kama zilivyo.

Kenya inastahili heshima. Kanuni zake za lebo na utendaji wa vyombo za mwaka 2016, zinazosimamiwa sasa na mamlaka ya nishati ya huko, EPRA, zimewazoesha wanunuzi kutazama nyota kuanzia 1 hadi 5 kwenye friji na viyoyozi. Ila nyota hulinganisha friji na nyingine ya ukubwa wake. Friji kubwa yenye nyota nne inaweza kula zaidi ya friji ndogo yenye nyota mbili, na mnunuzi wa Wasso anayehesabu uniti zake hajasaidiwa. Ninachokitaka kwenye lebo ya Tanzania ni tarakimu moja kubwa inayosomeka ukiwa umesimama mlangoni mwa duka: uniti kwa mwezi. Chini yake uwekwe mstari unaoonyesha ni sehemu gani ya uniti 75 itakayomezwa na chombo hicho. Nyota ziwepo pembeni kwa anayezitaka. Kila mtu anayenunua LUKU tayari anajua uniti ni nini. Hatuhitaji kampeni ya kumfundisha.

Nina dai lingine kwa Shirika la Viwango Tanzania (TBS). Kiwango cha kimataifa cha kupima friji, IEC 62552, hupima matumizi kwenye joto la nyuzi 16 na nyuzi 32. Tanga na Loliondo haziko kwenye joto moja. Milimani kule usiku ni baridi, na friji hupumzika zaidi kuliko pwani. Tarakimu zote mbili zinapatikana kwenye kipimo kilekile, basi zote mbili zichapwe, ya pwani na ya milimani. Na kuna jambo ambalo kipimo hicho hakilijibu: umeme mdogo. Nyumba zilizo mwisho wa laini ndefu huona volti zikishuka jioni kila mtu anapowasha, taa zinafifia, na kompresa inashindwa kuanza inabaki kuunguruma hadi inaungua. Chombo kinachouzwa kama kinafaa vijijini kithibitishwe pia kwa volti za chini. Bila hivyo tutampa mwananchi friji bora kwenye karatasi, itakayokufa mwaka wa kwanza, naye atarudi kwenye mtumba akiwa ameapa kutokudanganywa tena.

Mwalimu wa uchumi aliyetuandikia makala ya pili anapinga viwango vya lazima. Hoja yake ni nzito: ukiondoa friji ya bei rahisi sokoni, umemwondoa maskini kwenye ubaridi kabisa. Nimemwachia kurasa nyingi kwa sababu wengi wanafikiri hivyo bila kusema. Jibu langu la kwanza ni shilingi 260,000 zile za hapo juu. La pili ni historia. Mwaka 1974 Gavana wa California aliyetia saini sheria iliyounda tume ya nishati na kuipa mamlaka ya kuweka viwango vya vyombo alikuwa Ronald Reagan. Mwaka 1987 Reagan huyohuyo, sasa Rais, alitia saini sheria ya viwango vya vyombo kwa Marekani nzima. Hakuwa mtu wa kupenda serikali iingie sokoni. Friji ya Marekani iliyokuwa ikila karibu uniti 1,800 kwa mwaka katika miaka ya 1970 leo inakula chini ya theluthi ya hapo, ni kubwa kuliko ile, na bei yake halisi imeshuka. Wenye viwanda walilalamika, kisha wakatengeneza.

Ghana iko karibu nasi zaidi. Kanuni ya kuzuia friji za mtumba ilipitishwa 2008, ikaanza kutekelezwa kwa nguvu 2013, na katikati hapo wafanyabiashara wakapewa muda wa kumaliza mzigo. Wenye friji mbovu waliwekewa mpango wa kuzirudisha na kupata punguzo la kununua mpya. Hapo mwalimu wetu ana haki: katazo bila punguzo ni dhuluma. Nami naongeza kwamba punguzo hilo lipitie LUKU. Mteja akopeshwe friji iliyothibitishwa, akatwe kidogo kila anaponunua umeme, kutoka kwenye kile alichokuwa akipoteza. Mafundi wa Wasso walipwe kuzikusanya friji za zamani na kutoa gesi yake kwa usalama, maana kazi hiyo wanaiweza na hakuna mwingine wa kuifanya huko.

Kuhusu mpaka, makala ya nne ni fupi na inatosha. Narok ya Kenya iko jirani, na bidhaa huvuka pande zote mbili kuelekea minadani. Nchi moja ikifunga mlango na jirani akaacha wazi, mzigo uliokataliwa hutafuta njia. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina kituo cha nishati jadidifu na matumizi bora, EACREEE, Kampala. Kazi yake ya kuoanisha viwango ingefaa iharakishwe. Zanzibar nayo, kupitia taasisi yake ya viwango, ZBS, na mamlaka yake ya udhibiti wa huduma, ZURA, isisubiri Bara, kwa kuwa bandari ya Malindi inajulikana kwa wote wanaoagiza mtumba.

Makala ya jiko la presha la umeme, inayoonyesha makande yakiiva kwa sehemu ndogo ya umeme unaotumiwa na jiko la koili, imekuja wakati wake, kwani Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034 unalenga asilimia 80 ya Watanzania na hautafika huko kwa majiko ya koili kwenye D1. Ya taa za sola kwenye maboma ni nzuri pia. Aliyeandika kwamba Bwawa la Julius Nyerere na megawati zake 2,115 limeiondoa haja ya kubana matumizi, nimemchapisha bila kumpunguzia neno. Anisamehe nikimwambia kwamba wingi wa umeme wa Rufiji haupunguzi hata shilingi moja kwenye bili ya anayevuka uniti 75.

Mwisho mtakuta makala ya muuguzi juu ya friji ya chanjo. Friji hiyo inatumia sola moja kwa moja bila betri, inagandisha barafu mchana ili ihimili usiku, na hushika nyuzi 2 hadi 8. Iliruhusiwa kununuliwa baada ya kupita vipimo vya Shirika la Afya Duniani, na kama isingepita isingefika zahanati. Hakuna aliyesema wananchi wapate chanjo kwanza, viwango vya friji vitafuata. Watunga kanuni waisome makala hiyo kabla ya nyingine zote, wakiwa na karatasi ya bei za TANESCO mkononi, kisha waandike kifungu cha lebo kabla ya kifungu cha faini.