Mti wa Picha na Mti wa Jina

Tarehe 5 Desemba ni siku ya mti katika inchi yetu, na sisi wote tunajua inavyokwenda. Watoto wa masomo wanapangwa mistari na bulu-na-nyeupe yao, wakubwa wanatoa hotuba, kijiti kimoja ndani ya sashe nyeusi kinashikwa na mikono kumi, picha inapigwa, watu wanarudi nyumbani. Wakati huo mvua inanyesha, kwa hiyo kila kinachotiwa udongoni kinaonekana kizima. Urudi kuangalia mwezi wa saba. Mbuzi amepita, jua limepita, na kama kijiti kimoja kimepona, basi ni juu ya mama fulani mwenye kuuza mandazi karibu na pale, ambaye alikuwa anamwanga hapo mayi ya kuoshea sahani. Hakuna aliyemtuma.

Mwaka 2019 serikali ilitangaza mpango wa bustani za masomo: miti miliari moja mpaka 2023. Huo mwaka umekwisha kupita. Hatuna haja ya kubishana juu ya miliari. Kila mzazi aingie tu katika kiwanja cha masomo ya mtoto wake, ahesabu. Tunaogopa vidole vya mkono mmoja vitatosha.

Wenye kutetea sherehe hizi wanatuambia: "Muache, ni mafundisho. Batoto banajifunza kupenda muti." Hapo njo ugomvi wetu unapoanzia. Mtoto anajifunza kile anachoona mkubwa akifanya. Akiona kijiti kinapandwa mbele ya mashini ya picha, halafu kinakufa na hakuna mtu anayeulizwa, amejifunza kweli: mti ni maneno ya siku moja.

Wazee wa pande hizi walikuwa na njia nyingine. Kwa ndugu zetu Walunda, Wandembo na Watshokwe kuna muyombo. Tawi linakatwa, linasimikwa katika udongo wa kijiji, nalo linaota. Lakini halisimikwi bure. Linasimikwa kwa jina la mtu aliyekufa, na yuko ndugu aliyerithi jina lile, ambaye kijiji chote kinajua kwamba yeye njo mwenye kuhudumia pale. Mtoto anayekulia katika uwanja ule anajua mti ni wa nani kabla hajajua kusoma. Akivunja tawi, anaulizwa. Wapo Wakristo wenzetu watakaosema huu ni ushenzi. Hatutaki vita nao hapa. Anayetaka kuacha pombe na pemba, aache. Sisi tunatazama kitu kimoja tu: muyombo hauna hata siku moja isiyo na mwenyewe.

Sasa miti ya tarehe 5 ni ya nani? Ya masomo? Ya komine? Ya kampuni iliyoleta sashe? Ukiuliza watu watatu utapata majibu matatu, na mayi hapana.

Kwetu Kapata swali hili ni kali zaidi. Kapata ilijengwa kuwa kambi ya wafanyakazi wa mines, na mpaka leo udongo unaotuzunguka uko katika vibali vya wachimbaji wakubwa. Mti uliopandwa nje ya parseli leo, kesho unaweza kung'olewa na tingatinga bila mtu kuja kupiga hodi. Sherti ijulikane kwanza udongo ni wa nani, ndipo mtoto apewe kijiti.

Tena kuna jambo zito. Watoto tunaowapanga mistari ni hawa hawa wa Ziwa Malo. Ziwa liko karibu na Kapata, na kila mtu anajua limekuwa mahali pa kuoshea mawe. Januari 2016 Amnesty International na Afrewatch walitoa ripoti juu ya kobalti ya Kolwezi, na dunia ikashangaa kusikia kwamba watoto wanachambua, wanaosha, wanabeba. Sisi hatukushangaa. Sheria ya kulinda mtoto, ya tarehe 10 Januari 2009, ilikuwa tayari na miaka saba. Basi mgongo wa mtoto uwe wa mfuko wa mawe siku zote, halafu siku moja ya mwaka mkono wake uwe wa picha ya kijani? Mtoto hana deni la mashimo. Sheria ya mines ya 2002, iliyorekebishwa 2018, inamfunga mwenye kibali atengeneze tena udongo alioharibu. Kupanda penye mashimo ni kazi ya watu wazima, wenye viatu, glavu na mshahara. Wala siyo kila mahali panafaa mti: juu ya vilima vya shaba miti haikuota vizuri hata zamani, huko yanaota majani na yale maua ya shaba. Anayemtuma mtoto kupanda mwembe pale anamfundisha uongo.

Wengine watauliza: kwa watoto kibaki nini? Kwanza mti wa matunda ndani ya parseli, wenye jina la mtoto mwenyewe, na matunda yake yawe yake kweli, siyo Papa ayauze. Hilo ni rahisi.

Gumu ni moto. Pori letu la miombo halidai sana kupandwa. Ukikata musamba kwa makala na mizizi ikaachwa, kisiki kinachipua chenyewe. Kinachoua machipukizi ni moto wa mwisho wa jua, Septemba na Oktoba, nyasi zikiwa kama karatasi. Kule Ndola, ng'ambo ya mpaka, wataalamu wa misitu walianza jaribio mwaka 1933: sehemu moja ya pori ilichomwa mapema kila mwaka, nyingine mwisho wa jua, nyingine ikakingwa na moto kabisa. Ile ya kuchomwa mwisho ikageuka uwanja wa nyasi. Ile iliyokingwa ikafunga kuwa msitu. Na kwetu nani anawasha? Mara nyingi ni vijana wetu wanaotafuta panya. (Tuseme ukweli, panya ni tamu.) Wazee wa Kibemba walichoma mapema, nyasi zikiwa bado na unyevu, juu ya kulinda vinkubala vyao. Mtoto mwenye kujua ni mwezi gani kiberiti kinakaa mfukoni anaponyesha miti mingi kuliko kamyo nzima ya sashe. Lakini moto usiowashwa haupigwi picha, labda njo sababu hakuna hotuba juu yake.

Tarehe 5 Desemba inayokuja tutakuwa mlangoni pa masomo na daftari mkononi. Tutamuuliza diyrekta: miti ya mwaka jana iko wapi, na kila mmoja ni wa nani? Mpaka atujibu, sashe mpya zibaki ndani ya kamyo.